Kadi Moja Tu ya Marehemu Taha

Mafuta ya pilau ya arobaini yalikuwa bado vidoleni mwa Murjan aliponusa riziki. Kuna watu hunusa mvua kabla wingu halijatokea. Murjan wa Kibra alinusa tamaa ya mtu hata akiwa ameketi upande wa pili wa jamvi, na siku ile ya khitma harufu ilitoka kwa wageni wawili wa Kawangware.

Marehemu alikuwa Taha, golikipa. Ukisema golikipa peke yake katika Kibra ya miaka ile ya kabla ya vita vya Hitla, hakuna aliyekuuliza yupi. Alikuwa mtoto wa askari wa Kisudani, Mnubi kama nusu ya wakazi wa pale, mrefu, mpole, na kila mechi alivaa kofia ya sufu aliyoivuta mpaka kwenye nyusi, hivi kwamba washambuliaji wa timu nyingine walimjua kwa mikono zaidi kuliko kwa uso. Mvua za masika zilimletea kichomi, na kichomi kikafanya kazi ambayo hakuna mshambuliaji aliyeiweza.

Sasa mkebe wake wa biskuti ulikuwa ukizunguka jamvini. Ndani mlikuwa na kadi za sigara. Wazungu walipofungua pakiti walikuta kikadi kigumu chenye picha ya mcheza mpira wa kwao, na nyuma yake maelezo. Taha, aliyekuwa mhudumu wa mesi, chumba cha kulia cha maofisa kambini, hakuvuta sigara hata moja maishani mwake, lakini kila ofisa alijua kumwekea kadi kando ya sahani. Alizikusanya mpaka mkebe ukakataa kufunga. Jioni alizipanga sakafuni, makipa mbele, akazungumza nao kama watu aliokwenda nao jandoni.

"Aliwakusanya wote hawa," alisema Sajini Abdelkarim, mjomba wa marehemu na kiongozi wa timu, mzee aliyestaafu jeshi lakini jeshi lilikuwa halijastaafu kwake. "Yeye mwenyewe hakuna aliyemchapa kwenye kadi."

Watu wakatikisa vichwa. Murjan hakutikisa. Aliinamisha macho, akashusha pumzi ndefu, ya mtu anayejua jambo na ameapa kutolisema. Pumzi hiyo aliipima vizuri. Ilivuka jamvi ikatua masikioni mwa wageni wawili, na kila mmoja akadhani ni yeye peke yake aliyeisikia.

Wageni hao waliitwa Gachanja na Kihara. Wote walikuwa na mashamba na vyumba vya kupangisha Kawangware, wote waliipenda timu yao ambayo haikuwahi kumfunga Taha bao la maana, na kwa mengine yote walishindana. Gachanja alipoezeka hoteli yake ya chai kwa mabati, Kihara aliezeka duka lake kwa mabati na kuyapaka rangi. Kihara alipochaguliwa mzee wa kanisa, Gachanja alilinunulia kanisa kengele.

Gachanja ndiye aliyemfuata Murjan uani, akijifanya anatafuta maji ya kunawa.

"Umehema nini pale ndani?"

"Huzuni, mzee."

"Huzuni naijua. Hiyo yako ilikuwa na kitu ndani."

Murjan alitazama kushoto na kulia, ingawa kushoto kulikuwa na kuku na kulia kulikuwa na ukuta. "Mzee Gachanja, walimchapa. Kampuni ya sigara ilimtuma Mzungu na kamera mpaka hapa. Kadi zikachapwa London, zikapakiwa melini, na meli ikazama. Imepona moja tu, iliyokuwa mfukoni mwa nahodha."

"Iko wapi?"

"Mimi nilikuwa rafiki yake Taha. Unafikiri iko wapi?"

Gachanja alinawa mikono mara ya pili bila kujua. Murjan akamwacha anawe, kisha akamalizia kwa sauti ya mtu anayejuta kusema. "Nasikia kampuni itatuma mtu wake kwenye mechi ya kumbukumbu ya Taha, ya timu yenu na yetu. Mwenye kadi hiyo ndiye atakayepewa uwakala wa sigara, kutoka Kawangware mpaka Dagoretti. Lakini mimi nitafanya nini na uwakala? Sina hata duka."

Wiki ile ile Kihara alimkuta Murjan sokoni Toi, kwa bahati tu kama alivyosema mwenyewe, ingawa alikuwa amemtafuta tangu asubuhi. Naye aliambiwa habari za meli. Kwake ilizama kwa dhoruba kali zaidi, kwa sababu Kihara alikuwa msomaji wa Biblia na alihitaji dhoruba.

Wote wawili waliambiwa wasimwonyeshe mtu kadi mpaka mtu wa kampuni aje. Na wote wawili waliikubali bei. Gachanja angetoa mtamba wake mwekundu, ng'ombe kijana aliyekuwa bado hajazaa, mwenye asili ya Kizungu upande wa baba. Kihara angetoa baiskeli yake yenye taa ya dinamo, ambayo usiku ilimulika Kawangware mpaka mbwa wakahama njia. Baiskeli hiyo Murjan aliitamani kuliko kitu chochote duniani. Kibra nzima ilikuwa ikimwona akienda kwa miguu, na mtu mwenye maneno kama yake aliona aibu kufika mahali akiwa na vumbi.

Kilichobaki ni kitu kidogo tu, nacho ni kadi yenyewe.

Taha hakuwahi kupigwa picha. Alikuwa akisema anayetaka kumwona aje uwanjani. Basi Murjan alikwenda nyumbani kwa marehemu, akasimama nje ya pazia la mlango. Mabrouka, mjane wa Taha, alikuwa edani na hakuonekana na wanaume wasio jamaa, kwa hiyo kwa miezi ile Murjan alizungumza na sauti na, pale ilipobidi, mkono.

"Shemeji, naomba jezi ya marehemu na ile kofia yake. Na kadi mbili kutoka mkebeni."

"Za nini?"

"Ni kwa ajili ya kumbukumbu."

Mabrouka alikuwa akisuka tabaka za ukili, zile sinia za rangi rangi za Kinubi, na Murjan alisikia ukili ukipita kati ya vidole.

"Za makipa sikupi," sauti ilisema. "Wale alizungumza nao. Chukua mabeki."

Mkono ukatoka na jezi, kofia na mabeki wawili wa Kiingereza.

Mpiga picha wa Bazaar, mtaa wa maduka kule mjini, alikuwa Mhindi mwembamba aliyekuwa na haraka kila siku na mwenye pazia moja tu la nyuma, lenye maporomoko ya maji na mabata wawili. Mabata walifunikwa kwa blanketi. Murjan alivaa jezi ya marehemu, akavuta kofia mpaka kwenye nyusi, akaruka juu ya godoro na mikono hewani. Baruti ya kamera, ile ya kutoa mwanga, ililipuka. Katika maisha yake yote Murjan hakuwahi kulipukiwa na kitu usoni, na kilichotoka kwenye picha kilikuwa golikipa angani, macho ameyafumba kama anayemeza mwarobaini, mdomo wazi.

"Macho fumba," alisema Mhindi.

"Piga nyingine."

"Baruti kwisha. Kuja kesho, lipa tena."

Murjan aliitazama picha. Kisha akatabasamu. "Achana nayo. Taha alikuwa akifumba macho ili ausikie mpira." Kwa mtu wa kazi yake, kosa lilikuwa ni hadithi ambayo bado haijapata maelezo.

Mhindi alitoa nakala mbili na kuipaka jezi rangi nyekundu. Murjan aliloweka mabeki wake ndani ya chai vuguvugu mpaka nyuso zao zikabanduka, akabandika picha zake mbili mahali pao kwa gundi ya unga wa ngano, akalala juu ya kadi usiku kucha zinyooke. Kadi ya kwanza ilitoka safi, na maandishi ya Kiingereza ya nyuma yalisomeka vizuri. Ya pili ilikaa kwenye chai kupita kiasi, wino ukavuja, nyuma pakawa kama ramani ya mto.

Ile safi alimpelekea Gachanja, ambaye hakujua Kiingereza na hakutaka mtu yeyote ajue hilo. Gachanja aliigeuza kadi, akayasoma maelezo yote kwa kusogeza midomo, beki na mji wake na uzito wake, akafika mwisho akashusha pumzi.

"Wamemwandika vizuri," alisema.

"Hasa pale mwisho," alisema Murjan.

"Pale mwisho nimeguswa."

Iliyovuja alimpelekea Kihara, aliyesoma misheni na angejua kwamba marehemu Taha hakuzaliwa Uingereza kwa baba mchimba makaa. Kihara aliipeleka dirishani. "Maandishi yamefutika yote."

"Maji ya bahari, mzee. Nilikwambia meli ilizama."

Kihara aliinusa. "Mbona inanuka chai?"

"Nahodha alikuwa Mwingereza."

Kihara alifikiri jambo hilo, akaona lina mantiki, akaenda kuitoa baiskeli.

Mahali pa kuweka mali hiyo Murjan alipajua mapema. Nani angekwenda kupekua nyumba ya mwanamke aliye edani? Mtamba aliletwa na mchunga ng'ombe wa Gachanja, akafungwa uani kwa Mabrouka. Baiskeli aliileta Murjan mwenyewe akiisukuma, kwa sababu kumbe hakujua kuiendesha.

"Huyu ng'ombe ni wa nani?" liliuliza pazia.

"Ni mambo marefu, shemeji. Nitunzie tu mpaka siku ya mechi."

"Aliyemleta amesema anatoka kwa Mzee Gachanja."

"Kweli anatoka kwa Mzee Gachanja."

"Na baiskeli imeandikwa jina la Mzee Kihara kwenye madigadi."

Murjan alikuwa hajaona maandishi hayo. "Rangi hiyo itafutika."

"Majirani wataniuliza, Murjan. Niwajibu nini?"

"Wajibu lolote utakaloona linafaa, shemeji. Wewe una busara."

Alisema hivyo huku akiondoka, macho kwenye ile dinamo, na hakuna neno katika maisha yake alilolitamka kwa uzembe zaidi.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Asubuhi ya mechi, Kibra nzima ikiwa uwanjani, angemchukua mtamba, angechukua baiskeli, na kabla ya jua kuzama angekuwa njia ya Limuru, akianza maisha ya mtu anayefika bila vumbi. Asubuhi hiyo ilipofika alioga, akavaa kanzu safi, akatoka. Mlangoni alimkuta Sajini Abdelkarim amesimama wima kama nguzo ya simu.

"Kipa kijana ametegua mkono," alisema Sajini. "Utasimama wewe."

Murjan alifungua mdomo kukataa, akajikuta amerudi ndani kuitafuta jezi ya Taha.

Ni lazima ieleweke kwamba Murjan alikuwa golikipa wa akiba wa Kibra. Miaka yote Taha alipokuwa langoni, yeye alikaa nyuma ya wavu na birika la maji, akingoja Taha augue, au atokwe damu puani, au aalikwe harusini. Taha hakuugua. Harusi alizikataa. Murjan alimpenda rafiki yake, na kila Jumapili alimwombea mafua kidogo. Watu walimcheka kwa utani, naye akajifunza kusema maneno kwa sababu mikono yake hakuna aliyeitaka. Sasa lango lilikuwa wazi na Sajini alikuwa akimngoja.

Limuru haikuwa ikikimbia, alijiambia. Angecheza, kisha angeondoka wakati watu wanakunywa chai.

Uwanja wa Makina, hapohapo Kibra, ulijaa. Kawangware walikuja kwa miguu na kwa mikokoteni, Gachanja amevaa koti la harusi yake, Kihara amevaa koti na tai, kila mmoja mkono mmoja kifuani kama mtu mwenye kiungulia. Murjan alisimama langoni katika jezi ya Taha na kofia ya Taha. Alipokuwa nyuma ya wavu, lango lilimwonekea dogo kama mlango wa choo. Sasa alipotazama nguzo moja hakuiona nyingine mpaka ageuze kichwa. Aligundua pia kwamba mpira, ukija kwa miguu ya mtu anayekuchukia, hutoa sauti.

Shuti la kwanza lilikuja kifuani. Alifumba macho, akafungua mdomo, akarusha mikono hewani, na mpira ukamgonga na kubaki pale pale kama mgeni aliyekaribishwa. Kibra wakapiga kelele, "Taha! Taha!" Murjan alipofumbua macho na kuukuta mpira mikononi mwake, alijisikia vizuri kuliko alivyowahi kujisikia kwa baiskeli ya mtu yeyote.

Wakati huohuo Mzungu mmoja aliyepotea njia ya Ngong alisimamisha gari kando ya uwanja, akashuka kuuliza njia, akaona mpira, akawasha sigara.

Sigara hiyo ilionwa na watu wawili mara moja. Gachanja alitokea kushoto, Kihara akatokea kulia, wote wakikimbia kwa ile namna ya wazee wasiotaka ionekane wanakimbia, na wote wakafika na kadi mkononi. Kihara alianza hotuba yake ya Kiingereza. Gachanja akamsukumia Mzungu kadi yake chini ya pua. Kisha kila mmoja akaiona kadi ya mwenzake.

"Hiyo umeitoa wapi?" aliuliza Kihara.

"Mimi ndiye wa kuuliza," alisema Gachanja. "Hii ni moja tu. Meli ilizama."

"Meli najua ilizama."

Mzungu, aliyekuwa mtu wa heshima zake na alitaka tu kufika Ngong kabla ya chakula cha mchana, alizitazama kadi zote mbili. Palepale shuti la pili lilikuwa likielekea langoni kwa Kibra. Golikipa alifumba macho, akafungua mdomo, akarusha mikono hewani. Mzungu alitazama lango, akatazama kadi, akatazama lango tena, akacheka mpaka majivu yakamwangukia shati.

"Hii mutu iko pale," alisema, akinyoosha kidole.

Shuti hilo la pili liliingia, lakini wazee wawili hawakushangilia bao la timu yao.

Filimbi ya mapumziko ilipolia, Murjan aliwaona wakimjia wakiwa bega kwa bega, na jinsi walivyotembea sambamba, watu ambao hawakuwahi kukubaliana hata juu ya saa ya kuanza ibada, ilimweleza yote. Aligeuka akimbie. Nyuma yake kulikuwa na wavu.

Gachanja alimshika jezi upande wa kulia, Kihara upande wa kushoto.

"Mtamba wangu," alisema Gachanja polepole.

"Baiskeli yangu," alisema Kihara.

"Wazee wangu, tuzungumze kando."

"Tutazungumza hapahapa. Na baadaye utazungumza na polisi."

Watu walianza kukusanyika. Sajini Abdelkarim alikuja akipasua kundi kwa fimbo. "Mtamba gani? Baiskeli gani? Mnamvua kipa wangu jezi kwa nini?"

Gachanja alivuta pumzi ya kusema, na hapo vigelegele vikapasuka upande wa barabara. Wanawake wa Kibra walikuwa wakija kwa kundi, na katikati yao Mabrouka, aliyetoka eda siku ileile, amevaa gurbaba mpya, lile vazi la Kinubi la kujifunga, na amepakwa hina. Miezi yote ile Murjan alikuwa ameisikia sauti na kuuona mkono. Alikuwa amesahau kwamba nyuma ya pazia kulikuwa pia na macho.

Mabrouka alikwenda moja kwa moja mpaka walipo wazee wawili. Hakupandisha sauti sana, lakini uwanja ulinyamaza kumsikiliza mjane.

"Sajini, wazazi wangu, na wageni wetu," alisema. "Leo nimetoka ndani, na neno langu la kwanza ni shukrani. Mume wangu alipokufa, watu wengi walinipa pole kwa mdomo. Wazee hawa wawili, ambao aliwanyima mabao miaka yote, walinipa pole kwa mkono. Mzee Gachanja alimpa mjane wa Taha mtamba ili nipate maziwa. Mzee Kihara alinipa baiskeli yake mwenyewe, ili tabaka zangu zifike mjini bila kuzibeba kichwani. Majirani wote wameviona vikiingia kwangu, na kila aliyeniuliza nilimwambia ni rambirambi. Nilikuwa nangoja siku ya kuwashukuru mbele ya watu wao."

Vigelegele vilianza upya. Kawangware, waliokuja wakijua watafungwa, walijikuta wanasifiwa, wakapiga makofi kwa nguvu kuliko wenyeji. Sajini Abdelkarim alipiga saluti.

Murjan aliona jambo likitokea kwenye nyuso za wazee wale, na kama mtu wa kazi hiyo hakuweza kujizuia kulistaajabia. Gachanja alikuwa bado amefungua mdomo. Neno lililokuwa ndani yake lilikuwa "nirudishie," na hakukuwa na namna ya kulitoa mbele ya mjane, mbele ya Kibra, mbele ya wapangaji wake mwenyewe, bila kueleza kwamba alimtoa ng'ombe kwa picha ya Murjan akiwa amefumba macho. Alilimeza. Lilishuka kwa shida.

Kihara alikuwa bado anatafuta njia, mpaka mkewe, Rahab, mwanamke mnene mwenye kitambaa cheupe, akajipenyeza mbele.

"Kihara," alisema, na macho yake yalikuwa na machozi. "Uliniambia baiskeli imeibiwa."

Kihara alimtazama.

"Kumbe hukutaka kujisifu. Umetoa sadaka kwa siri, kama ilivyoandikwa. Na mimi nimekununia miezi yote hii."

Mzee wa kanisa alishusha mkono kutoka kwenye jezi ya Murjan. "Ni kitu kidogo tu," alisema kwa sauti nyembamba.

"Na tusimsahau shemeji yangu Murjan," aliendelea Mabrouka, akimgeukia. Alitabasamu kwa upole. "Ndiye aliyewashauri wazee. Na ameniahidi kumkatia mtamba majani kila asubuhi mpaka azae."

Watu wakamtazama Murjan. Yeye aliyewahi kumuuzia mtu kivuli cha mti ulioanguka aliitikia kwa kichwa.

Kipindi cha pili hakikuwa cha kumbukumbu ya mtu. Kabla hakijaanza, Gachanja na Kihara waliwaita washambuliaji wao kando wakawanong'oneza, na ilikuwa mara ya kwanza watu kuwaona wakitoa shauri moja. Washambuliaji walirudi uwanjani wakiwa wamebadilika. Mipira ilikuja chini, juu, na katikati, na iliyokosa lango ilimpata Murjan. Aliruka kushoto ikapita kulia. Aliruka kulia akagonga nguzo. Baada ya muda Kibra waliacha kuita jina la Taha, kwa heshima ya marehemu. Filimbi ya mwisho ilimkuta amekaa chini, goti linavuja damu, akijaribu kukumbuka ni vipi yule rafiki yake alisimama mahali hapa miaka yote na kurudi nyumbani akicheka. Alianza kulia. Watu walidhani analilia mabao, na mwanzoni ni kweli.

Tangu siku hiyo Murjan alikata majani. Mabrouka hakumkumbusha hata mara moja. Alifungua tu mlango asubuhi na kumweka mtamba mahali ambapo majirani wangemwona kama hajala. Baiskeli aliikodisha kwa wachuuzi, na tabaka zake zikauzwa mpaka mjini kwa Wazungu. Mtamba alizaa, Murjan akajiona huru, na Mabrouka akamwonyesha kwamba sasa wanaokula ni wawili.

Zile kadi mbili hazikutupwa. Gachanja na Kihara walikuwa watu wa biashara, na kitu kilichogharimu ng'ombe hakitupwi. Gachanja aliitundika yake ndani ya kioo ukutani mwa hoteli, na watu wakaja kumwona Taha na kunywa chai. Kihara akaitundika yake dukani, akisema ya hoteli ni nakala. Mwaka uliofuata wenyeji wa Kawangware, ambao hawakuwahi kuiona sura ya Taha vizuri uwanjani, walikuwa wote wanaijua.

Siku moja Murjan alikwenda kutafuta majani mpaka ng'ambo ile, jua likamchosha, akaingia kwa Gachanja kunywa chai. Aliweka mzigo wake mlangoni akakaa chini ya kioo. Kijana mmoja wa pale, aliyekuja juzi kutoka Murang'a, alikuwa akiwasimulia wenzake habari za Taha. Alisema mipira ya juu ndiyo Taha aliyoipenda, aliichuma kama mtu anachuma maparachichi huku anaimba.

Murjan alipuliza chai yake. Alikuwa amekaa nyuma ya wavu ule miaka mingi, na hakuna mtu aliye hai aliyeyajua haya kama yeye.

"Mipira ya juu aliiogopa," alisema.

Kijana aligeuka. "Nani?"

"Taha. Kila ulipokuja wa juu nilimsikia akisema Bismillahi, halafu anatukana kwa Kinubi, halafu anaudaka. Akishaudaka ananigeukia na kuniambia, Murjan, huu ulikuwa wa mwisho, wiki ijayo unaingia wewe. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Nilikuwa nampa maji ili watu wasiione."

Lilikuwa jambo la kweli la kwanza ambalo Murjan aliwahi kumpa mtu bure, na alihisi uzito wake lilipotoka.

"Wewe ulimjulia wapi Taha?" aliuliza kijana, na hakuuliza kwa upole. Aliinua macho kwenye kioo, akayarudisha kwa Murjan, akaliona goti lake lenye kovu na majani yaliyomganda shingoni. "Mtu kama huyu aogope mpira? Mwangalie alivyo, kisha ujiangalie wewe."

Wenzake wakacheka. Murjan alimtazama Gachanja, aliyekuwa nyuma ya meza akifuta vikombe, mtu pekee mle ndani aliyejua uso ule wa ukutani ni wa nani.

Gachanja alifuta kikombe kimoja mpaka kikang'aa. Hakuwa na haraka hata kidogo.

"Mwacheni anywe chai," alisema. "Huyo ni muongo tangu zamani, Kibra nzima inamjua. Lakini hana madhara."

Murjan alikunywa chai yake mpaka kwenye machicha. Alilipa, kwa sababu Gachanja alikuwa amenyoosha mkono. Kisha akajitwika majani, akashika njia ya Kibra, kwa kuwa jua lilikuwa limepanda na kule kwa Mabrouka ng'ombe wawili walikuwa wameshaanza kulia.